Kuti kavu la dola milioni 50: kwa nini kocha anayefungwa hafukuzwi

Mwaka 2023 timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Florida State ilishinda mechi zake 13 za kwanza. Mwaka 2024 ilicheza mechi 12, ikashinda 2 tu. Mwaka 2025 ilishinda 5, ikafungwa 7. Misimu yote hiyo kocha mkuu alikuwa Mike Norvell. Novemba 2025, mashabiki wa Tallahassee, mji wa chuo hicho, wakisubiri kusikia kwamba kibarua chake kimeota nyasi, chuo kilitangaza kwamba ataendelea na kazi msimu wa 2026.

Hasira iliyofuata naielewa kabisa. Florida State ni chuo cha umma, na kocha wake analipwa zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Mfanyakazi mwingine yeyote wa umma mwenye mshahara wa namna hiyo na matokeo ya namna hiyo angeshaitwa kujieleza na kuonyeshwa mlango. Ila wanaouliza "kwa nini hafukuzwi?" huwa wanatafuta jibu uwanjani, na uwanjani halipo. Lipo kwenye mkataba ulioboreshwa Januari 2024, na ukitaka kujua nani hasa awajibike, anza na mkataba huo kisha mtazame aliyeusaini.

Kwa msomaji aliyezoea kandanda ya klabu, kwanza aelewe ukubwa wa jambo lenyewe. Mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu huchezwa na wanafunzi, lakini biashara yake ni ya watu wazima. Uwanja wa Texas A&M unabeba watu zaidi ya 100,000. Haki za televisheni za kanda kubwa, yaani makundi ya vyuo vinavyoshindana pamoja, huuzwa kwa mabilioni ya dola. Katika majimbo mengi ya Marekani, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote si gavana wala daktari bingwa wa hospitali ya chuo, ni kocha wa mpira. Bosi wake ni mkurugenzi wa michezo, naye yuko chini ya rais wa chuo na baraza la wadhamini. Pembeni wapo wafadhili matajiri ambao hawana cheo chochote kwenye muundo wa chuo, ila simu zao hupokelewa haraka.

Sasa turudi Januari 2024. Florida State ilikuwa bado na donda bichi. Desemba 3, 2023 kamati iliyochagua timu 4 za kuwania ubingwa wa taifa iliiacha nje, ingawa ilikuwa bingwa wa kanda yake na haikuwa imefungwa hata mara moja. Sababu kubwa ilikuwa jeraha la Jordan Travis, mchezaji aliyekuwa akiongoza mashambulizi. Haikuwahi kutokea bingwa wa kanda kubwa asiyefungwa aachwe namna hiyo. Wachezaji wengi wakajiondoa, na timu ikaenda kwenye mechi ya kufungia msimu ikapigwa 63 kwa 3 na Georgia. Kisha Januari 10, 2024 Nick Saban, kocha mwenye mataji mengi kuliko wote wa enzi hii, akastaafu pale Alabama. Jina la Norvell likaanza kutajwa miongoni mwa wanaoweza kumrithi. Florida State ilikuwa imeshamtafuta kocha mkuu mara mbili ndani ya miaka miwili, 2017 na 2019. Ikaogopa kurudi kwenye msako. Ndani ya siku chache Norvell akapewa mkataba mpya wa kufika 2031, na Alabama ikamchukua Kalen DeBoer.

Hapo ndipo mambo yalipofungwa. Mkataba uliandikwa kwa wiki ya hofu, ukajaribiwa kwa miaka ya kawaida. Miezi 7 baadaye, Agosti 24, 2024, timu hiyo ikiwa nambari 10 kwenye orodha ya taifa ilikwenda Dublin kufungua msimu, ikafungwa na Georgia Tech 24 kwa 21, na kuanzia siku hiyo ikaporomoka.

Kinachomlinda Norvell ni kifungu cha fidia ya kuvunja mkataba. Kifungu hiki hueleza kwamba chuo kikimwondoa kocha bila kosa, kitamlipa sehemu kubwa ya fedha zilizobaki mpaka mwisho wa mkataba. Kwa Norvell, kumfukuza mwishoni mwa 2025 kungegharimu zaidi ya dola milioni 50. Wengi husoma tarakimu hiyo kama zawadi kwa mtu aliyeshindwa. Kisheria si zawadi, ni deni. Chuo kilijifunga mapema kwamba kitamlipa hata kikichoka naye, na yeye kwa upande wake akaacha kusikiliza vyuo vingine.

Ufunguo ni yale maneno "bila kosa". Mikataba ya makocha hutaja makosa yanayoruhusu mtu aondolewe bila kulipwa: kuvunja kanuni za mashindano, kufanya jinai, kukaidi maagizo, kukiaibisha chuo. Kufungwa hakumo. Unaweza kufungwa mechi 10 kati ya 12, machoni pa mkataba hujakosa chochote. Mel Tucker aliyekuwa Michigan State alisaini miaka 10 kwa dola milioni 95 mwishoni mwa 2021, akafukuzwa Septemba 2023 kwa kosa, huku karibu milioni 80 zikiwa bado hazijalipwa. Alituhumiwa kumnyanyasa kingono mwanaharakati aliyealikwa chuoni kuwafundisha wachezaji kuhusu unyanyasaji huo huo. Tucker alikana, akaenda mahakamani. Katika matokeo ya uwanjani pia alikuwa akisuasua, ila hakuna mwanasheria wa chuo ambaye angethubutu kutumia matokeo kama sababu ya kuzuia fedha hizo.

Louisiana State, inayojulikana zaidi kama LSU, ilijaribu kucheza na mstari huo kati ya kosa na bila kosa. Oktoba 25, 2025 ilifungwa nyumbani na Texas A&M 49 kwa 25, na kesho yake Brian Kelly akaondolewa. Fidia yake ilikuwa takriban dola milioni 54. Mazungumzo ya kumpunguzia yalipokwama, Kelly alifungua kesi Novemba akidai kwamba chuo kimeanza kusema hakijamfukuza rasmi na kwamba huenda kuna kosa la kumtia hatiani. Kabla mwezi haujaisha chuo kikathibitisha kwa maandishi kuwa kilimwondoa bila kosa. Sioni chuo kingefanya nini kingine. Aliposimamishwa, kila mtu Baton Rouge, mji wa LSU, alijua sababu ilikuwa ubao wa matokeo.

Kuna kipengele kingine ambacho magazeti hukipa mstari mmoja, nacho ndicho chenye fedha nyingi kuliko vyote: je, kocha akipata kazi mpya, mshahara wake mpya unakatwa kwenye fidia? Penn State ilimwondoa James Franklin Oktoba 12, 2025, baada ya timu iliyoanza msimu ikiwa nambari 2 kufungwa na Oregon, kisha UCLA ambayo haikuwa na ushindi wowote, kisha Northwestern. Deni lilikuwa kiasi cha dola milioni 49. Mwezi mmoja baadaye Franklin akapata kazi Virginia Tech, na kwa kuwa mkataba wake uliruhusu makato, deni la Penn State likashuka mpaka takriban milioni 9. Kelly naye ana wajibu wa kutafuta kazi. Kipengele hiki kikiwepo, fidia humvusha mtu mpaka atakapopata ajira nyingine. Kisipokuwepo, inakuwa mshahara wa pili.

Jimbo Fisher hakuwa nacho. Na habari ya Fisher inafaa kusimuliwa kwa kirefu, kwa sababu inaunganisha vyuo vyote hivi, na kwa sababu inaonyesha waziwazi nani huwajibika na nani hupona.

Fisher alikuwa kocha wa Florida State, akaipa ubingwa wa taifa wa msimu wa 2013. Desemba 2017 mkurugenzi wa michezo wa Texas A&M, Scott Woodward, alimchukua kwa miaka 10 na dola milioni 75, zote zikiwa na uhakika wa kulipwa. Wakati huo hakuna aliyewahi kuona mkataba kama huo. Florida State ikamleta Willie Taggart, ikamfukuza Novemba 2019 kabla hajamaliza msimu wa pili, ikamlipa fidia ya takriban dola milioni 17, kisha ikamleta Norvell. Woodward mwenyewe hakukaa Texas A&M kuona mavuno. Mwaka 2019 alirudi kwao Louisiana kuongoza michezo ya LSU.

Msimu wa 2020 Fisher alishinda mechi 9 akafungwa 1. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba LSU huenda ikahitaji kocha, na mkuu wa michezo wa LSU alikuwa yule yule Woodward aliyemtoa Fisher Florida State. Mrithi wa Woodward pale Texas A&M, Ross Bjork, akamwongezea Fisher mkataba mpaka 2031, kwa zaidi ya dola milioni 9 kwa mwaka, uhakika wa malipo ukibaki vilevile. Mwaka 2022 timu ikashinda 5, ikafungwa 7. Novemba 12, 2023 Fisher akafukuzwa, siku moja tu baada ya kushinda 51 kwa 10. Deni: zaidi ya dola milioni 76. Milioni 19 na ushee zililipwa ndani ya siku 60, na zilizobaki hulipwa kwa mafungu ya zaidi ya milioni 7 kila mwaka mpaka 2031, awe anafanya kazi au amepumzika nyumbani.

Bjork alifanywa nini? Miezi michache baadaye aliajiriwa kuongoza michezo ya Ohio State, moja ya idara tajiri kuliko zote nchini humo. Woodward je? Akiwa LSU alimchukua Kelly kutoka Notre Dame kwa miaka 10 na dola milioni 95, ule mkataba ulioishia kwenye deni la milioni 54.

Gavana wa Louisiana, Jeff Landry, alipoona deni hilo alijitokeza hadharani akasema Woodward hatachagua kocha ajaye, akakumbushia kwamba mtu huyo huyo ndiye aliyeiachia Texas A&M deni la Fisher. Siku moja baadaye Woodward akaondoka. Kwa sehemu gavana alisema kweli: Woodward ndiye aliyeleta utamaduni wa mkataba wa miaka 10 usio na mwanya. Lakini milioni 76 zile kwa sehemu kubwa zilitokana na nyongeza ya 2021, na ile haikuwa na saini ya Woodward. Tofauti hii si ndogo. Ukimtwisha mtu mmoja deni lote, baraza zima la wadhamini lililopitisha nyongeza ile linatoka mlango wa nyuma bila hata kuulizwa jina.

Na wakala naye? Jimmy Sexton, aliyewawakilisha Saban na Fisher na makocha wengine wakubwa, hufanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Anajua kila nafasi inayokaribia kuwa wazi. Jina la mteja wake likitajwa kwenye nafasi hiyo, chuo alichopo hushtuka na kukimbilia kalamu. Simlaumu. Ninayemlaumu ni anayekaa upande wa pili wa meza akiwa na fedha za wengine na bila muda wa kutosha wa kufikiri.

Mtu aweza kusema: basi vyuo vitulie, vifukuze mwisho wa msimu kwa mahesabu. Kalenda hairuhusu. Siku ya kusaini wanafunzi wapya wa sekondari, ambayo zamani ilikuwa Februari tu, tangu 2017 ina dirisha la mapema, na mwaka 2024 dirisha hilo lilisogezwa mpaka mwanzo wa Desemba. Kisha hufuata soko la wachezaji wanaohama vyuo. Chuo kisicho na kocha mwishoni mwa Novemba kinaweza kupoteza kundi zima la vijana wapya na nusu ya waliopo. Ndiyo maana Oktoba 2025 Penn State, Chuo Kikuu cha Florida (si Florida State) na LSU vyote viliachana na makocha wao ndani ya wiki mbili, msimu ukiwa katikati. Wote wakiingia sokoni pamoja, bei ya kocha mzuri hupanda, na mkataba unaofuata unaandikwa kwa hofu ileile iliyoandika uliotangulia.

Wakati huo huo uwajibikaji hauyeyuki, unashuka ngazi. Novemba 2024, baada ya kufungwa na Notre Dame 52 kwa 3, Norvell aliwaondoa wasaidizi wake wakuu wa ushambuliaji na ulinzi. Nafasi ya ushambuliaji ilichukuliwa na Gus Malzahn, ambaye mwaka 2020 Auburn ilimwondoa kwa fidia ya dola milioni 21.45. Wasaidizi wana mikataba mifupi, familia zinazohamishwa kila baada ya miaka miwili, na ulinzi mdogo. Wachezaji hawana hata huo. Kijana wa miaka 18 aliyechagua chuo kwa ajili ya kocha hubaki na masomo, chumba cha bweni na kocha asiyemjua.

Kuna hoja moja ambayo viongozi wa vyuo hupenda kuitoa: hizi si fedha za walipa kodi wala ada za wanafunzi, ni za wafadhili na mapato ya televisheni. Mara nyingi ni kweli kwa herufi. Texas A&M ilisema ingetumia fedha za idara ya michezo na za mfuko wake wa wafadhili. Lakini mfadhili aliyechanga dola milioni 10 kumlipa kocha asifundishe ni mfadhili ambaye kwa mwaka huo hajachangia maabara wala nafasi za masomo, na chuo ndicho kilichokwenda kumwomba. Tena tangu Julai 1, 2025 kuna mlango mwingine wa fedha: makubaliano ya kumaliza kesi, yaliyoidhinishwa na Jaji Claudia Wilken mwezi Juni, yanaruhusu kila chuo kuwagawia wanamichezo wake fedha kila mwaka, kikomo cha mwaka wa kwanza kikiwa dola milioni 20.5. Fidia ya milioni 50 inazidi mgawo wa miaka miwili wa wanamichezo wote wa chuo, wanaume kwa wanawake, wa michezo yote. Nikiulizwa mimi, hiyo ndiyo hesabu inayopaswa kuwekwa mezani kila kocha anapoongezewa mkataba.

Kwa Norvell mwenyewe, lazima niseme jambo la haki. Desemba 2024, baada ya msimu ule wa aibu, alikubali dola milioni 4.5 za mshahara wake wa 2025 ziende kwenye mfuko wa maendeleo wa idara ya michezo. Makocha wengi walio katika hali yake hawajafanya hivyo. Na 2025 alianza kwa kuifunga Alabama 31 kwa 17 nyumbani, matokeo yaliyowafanya watu waamini kwamba kweli ameamka. Kisha zikaja Virginia, Miami, Pittsburgh na Stanford, vipigo vinne mfululizo. Oktoba mkurugenzi wa michezo, Michael Alford, alisema tathmini kamili itafanyika msimu ukiisha. Kabla hata haujaisha, ikatangazwa kwamba kocha anabaki.

Tatizo langu na tathmini hiyo ni mwenye kuipima. Alford yupo kwenye kiti hicho tangu mwishoni mwa 2021. Mkataba wa Januari 2024 ulitoka ofisini kwake. Akimfukuza Norvell anatangaza kwamba saini ya ofisi yake imegharimu zaidi ya dola milioni 50. Akimbakisha, gharama haionekani kwenye kitabu chochote, inaonekana tu kwenye viti vitupu vya uwanja. Sisemi alimbakiza kwa sababu hiyo. Nasema mtu yeyote aliye katika nafasi hiyo hawezi kuwa mpimaji huru, na baraza la wadhamini lilipaswa kuikabidhi kazi hiyo kwa wengine.

LSU, iliyoumia kuliko wote kwa mwaka ule, haikuchukua hata mwezi na nusu kurudi sokoni. Novemba 30, 2025 ilimchukua Lane Kiffin kutoka Ole Miss, timu yake ikiwa bado inajiandaa kwa mashindano ya ubingwa wa taifa. Miaka 7, takriban dola milioni 13 kwa mwaka. Wakala wake ni Jimmy Sexton.

Florida State ina muda ambao LSU haikuupa nafasi. Kila msimu unaopita unapunguza deni, na 2026 ikiisha mkataba wa Norvell utabakiwa na miaka 5. Kabla ya hapo, wadhamini wa chuo wanaweza kufanya jambo moja lisilohitaji ruhusa ya kocha wala ya wakala: kutangaza kwamba hakuna mkataba utakaoongezwa tena kati ya mechi ya mwisho na siku ya kusaini wachezaji, na kwamba kila nyongeza itapigiwa kura kwa majina, makato ya kazi mpya yakiwa ndani yake. Chuo ni cha umma. Majina hayo yana haki ya kusomwa pamoja na la kocha.